Dada Ngendo na Jumapili Niliyosimama

Nilimwona Ngendo mara ya kwanza akiwa ndani ya choo cha kambi, amepiga magoti, anasugua sakafu kwa gunzi na majivu. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwezi wa tatu mwaka wa 1952. Asubuhi ile nilikuwa nimeshuka gari la moshi pale Ruiru nikitokea kwetu Bungoma, nikatembea hadi shamba la kahawa la mzungu ambaye watu walimwita Kihara kwa ajili ya upara wake, nikaandikwa kazi. Safari ilikuwa ndefu, na jambo la kwanza nililolitafuta kambini lilikuwa choo.

Mimi ni mtu wa haya tangu utoto. Nilipomwona mwanamke mle ndani niligeuka nikaanza kuondoka mbio mbio.

"Rudi, ndugu," aliniita. "Namalizia. Usione haya, hata Kihara anacho chake."

Nyapara wetu, Mkamba mmoja mrefu aliyeitwa Musau, alikuwa amesimama kando na watu wengine, wanamtazama na kucheka.

"Mama Kagwe," akasema Musau, "ukimaliza hapo uje uoshe na changu. Au Mungu wako hukagua vya kambini tu?"

"Chako nilikiosha jana, bwana nyapara. Ndiyo maana leo tunaweza kusimama karibu nawe."

Watu walicheka sana, na Musau mwenyewe akacheka. Ngendo alichukua ndoo yake, akanipisha, akaenda zake akiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka kama arobaini, amefunga kitambaa cheupe kichwani. Hakuna aliyemlipa kwa kazi ile wala aliyemtuma. Alifanya hivyo kila Jumamosi, miaka yote niliyomjua, mpaka walipomchukua.

Baadaye, tulipokuwa tumezoeana, nilimuuliza kwa nini. Alisema yeye hajui kuhubiri, anajua kuosha, basi Mungu atasifiwa kwa kile anachojua. Alilisema jambo hilo kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Ngendo alikuwa mjane. Mumewe alikwenda vita vya Burma na hakurudi. Alikuwa amebaki na mtoto mmoja, Kagwe, kijana wa miaka kumi na minane nilipofika, aliyekuwa akichuma kahawa pamoja nasi. Kwa Kagwe ndiko moyo wake wote ulikokuwa. Kijana alikuwa mkali wa maneno, hakupenda kanisa, na alimwambia mama yake waziwazi kwamba anaoshea watu vyoo kwa sababu wazungu wamemfundisha kuinama.  Ngendo alimwekea chakula.

Mimi kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya kumenya kahawa, na pia kusafisha mfereji ulioleta maji kutoka mtoni. Yeye alikuwa kwenye meza za kuanikia, zile meza ndefu za waya ambapo kahawa iliyooshwa hutandazwa ikauke. Wanawake huigeuza kwa mikono mchana kutwa na kuondoa mbegu zilizovunjika au kuoza. Musau alipokwisha kuikagua meza, basi imepita, hakuna anayeigusa tena. Ngendo alirudia. Nilimwona mara nyingi, wengine wamekaa wakipumzika, yeye ameinama juu ya meza iliyokwisha kupita, anatoa mbegu moja hapa, moja pale, anazitia mfukoni mwa aproni. Wenzake walimwambia kwamba kahawa ile inakwenda Ulaya na watakaoinywa hawatamjua. Alikubali kwamba hawatamjua. Akaendelea kuchambua.

Nilianza kwenda ushirika kwa sababu yake. Ushirika ulikuwa wa wale waliookoka, ukikutana Jumapili alasiri ndani ya stoo ya magunia, na aliyeuongoza alikuwa mzee Simeon, fundi seremala wa shamba. Inafaa nieleze desturi ya ushirika ule, kwa kuwa mambo yote yaliyotokea yalitokana nayo. Waliiita kutembea nuruni. Mtu aliyeguswa moyoni alisimama mbele ya wote akataja dhambi yake, si kwa mafumbo, bali kwa jina la kitu, mahali na mtu. Alipomaliza, wote waliimba wimbo wa sifa, wakamkumbatia, na kama kulikuwa na kitu cha kurudisha alikwenda akakirudisha. Simeon mwenyewe siku moja alimpelekea Kihara nyundo aliyokuwa ameichukua miaka sita nyuma. Kihara hakujua kama amewahi kuikosa. Alidhani Simeon anamuuzia.

Watu walisimama, wakalia, wakacheka, wakaondoka wepesi. Mimi nilikaa. Nilikuwa na dhambi za kutosha, lakini kila nilipotaka kuinuka niliwaacha wengine watangulie. Ngendo alikaa karibu nami na kunitania.

"Ndugu Barasa, miezi sita sasa. Kwenu Bungoma watu hawatendi dhambi?"

"Wanatenda, dada."

"Basi wewe umeziacha kituoni Ruiru, kwenye gari la moshi."

Nilicheka naye, lakini moyoni niliumia. Niliwaona wenzangu kama watu waliokwisha kuvuka, na mimi nimebaki ng'ambo.

Hali ya Hatari ilipotangazwa, kambi ilibadilika. Wakikuyu walipewa vitambulisho, wakazuiwa kutembea, na usiku wengine waliitwa kwenda kula kiapo cha Mau Mau. Ngendo aliitwa. Alikataa. Aliwaambia kwamba amekwisha kunywa damu ya Kristo na hawezi kunywa nyingine juu yake. Walimpiga vibaya, akatembea na fimbo kwa miezi miwili. Walinzi wa serikali walipokuja kumuuliza ni nani waliompiga, hakuwataja, akisema amekwisha kuwasamehe, na mtu hawezi kusamehe kisha akashtaki. Kwa hiyo walinzi nao wakamwona adui. Akawa kati ya pande mbili, na pande zote mbili alizisalimu kila asubuhi.

Mwisho wa mwaka wa 1953 Kagwe alitoweka. Ilijulikana kwamba ameingia porini kujiunga na wapiganaji. Tangu siku ile Ngendo alitaka jambo moja tu hapa duniani, mwanawe atoke akiwa hai. Katika ushirika, kila Jumapili, aliliombea jambo hilo kwa sauti. Hakuomba upande fulani ushinde. Aliomba tu Kagwe arudi nyumbani kwa miguu yake.

Wakati huo mikutano ya Wakikuyu haikuruhusiwa bila kibali. Simeon alipata kibali cha ushirika kwa sharti kwamba mlinzi mmoja akae ndani. Aliyeletwa ni Macharia, kijana wa upande wa Gatundu, mwenye bunduki. Mwanzoni tulimwogopa, watu hawakusimama. Lakini alikaa nyuma juu ya gunia, bunduki mapajani, na mara nyingi alisinzia. Nyimbo alizifahamu, na mara nyingine tulimsikia akiziimba pamoja nasi. Baada ya mwaka tulikwisha kumsahau, kama mtu anavyosahau nguzo ya nyumba. Watu wakarudia kusimama na kutaja mambo yao.

Januari ya 1955, siku ya Alhamisi mchana, nilikwenda kusafisha mfereji karibu na mto. Wafanyakazi walikuwa na vijishamba vya viazi pale ukingoni, na waliruhusiwa kwenda kuchimba saa nane hadi saa kumi. Niliposimama kunyoosha mgongo nikamwona Ngendo ndani ya mafunjo. Mbele yake alikaa mtu mwenye nywele ndefu, amevaa gunia. Alikuwa anakula viazi kutoka kwenye kiondo cha Ngendo, na Ngendo alikuwa amepiga magoti, anamfunga kitambaa kwenye kidonda cha mguu. Nilimtambua Kagwe kwa mabega yake. Ngendo alikuwa anasema naye polepole. Sikusikia alichosema. Nilirudi nyuma taratibu, nikaenda zangu. Hawakuniona.

Kesho yake walinzi waliwauliza wote waliofanya kazi karibu na mto. Waliniuliza mimi. Nikasema sikuona mtu.

Nawaomba wanaosoma wanielewe hapa. Sikusema uongo ule kwa ushujaa, wala kwa kumpenda dada Ngendo, ingawa nilimpenda kama dada wa tumbo moja. Nilisema kwa kuogopa maswali. Lakini ulikuwa uongo, na mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba hakuna uongo mdogo mbele za Mungu. Wiki hiyo na wiki zilizofuata sikula vizuri. Nilimtazama Ngendo akigeuza kahawa, uso wake umetulia kuliko ulivyokuwa kwa mwaka mzima, na nilishangaa. Yeye hakuwa na la kuungama. Mama kumlisha mwanawe si dhambi, na hakuiona kuwa dhambi. Dhambi ilikuwa yangu.

Jumapili ya pili ya Februari mchungaji alitarajiwa kuja wiki inayofuata kutupa Meza ya Bwana. Simeon alitusihi yeyote mwenye doa alitoe. Watu wawili wakasimama, tukaimba. Kisha, sijui niliinuliwa na nini, nikajikuta nimesimama.

Kulikuwa na minong'ono ya furaha. Mama mmoja alipiga makofi. Ngendo aliinua uso akanitazama akitabasamu, kama mtu anayemwona mtoto akipiga hatua yake ya kwanza.

Nikasema, "Nilisema uongo."

"Asante Yesu," akasema Simeon. "Ulisema uongo gani, ndugu? Toa yote nuruni."

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Kila mtu aliulizwa hivyo. Nami nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikingoja kuulizwa.

"Walinzi waliniuliza kama nimeona mtu mtoni. Nikasema sikuona. Lakini nilimwona Kagwe, anakula kwenye mafunjo, na dada Ngendo anamfunga mguu."

Nilipokwisha kusema nilihisi wepesi, na wepesi ule siwezi kuukana. Ulikaa kifuani mwangu kwa muda wa pumzi moja au mbili. Kisha nikaona jinsi Simeon anavyotazama nyuma yangu, nikageuka. Macharia hakuwa amesinzia.

Hapakuwa na aliyeimba. Desturi ilitaka wimbo, na hakuna aliyeweza kuuanza.  Nilisimama pale, mikono inaning'inia. Aliyeanza wimbo ni Ngendo. Aliuanza chini, akauimba ubeti wa kwanza peke yake, kisha wengine wakaingia mmoja mmoja. Uliposhika, aliinuka, akaja akanikumbatia kama ilivyokuwa desturi, na nilihisi jinsi moyo wake unavyopiga. Kisha akageuka kwa Macharia, akasema kwamba ni kweli, amempa chakula, ni mwanawe. Macharia alisimama mlangoni muda mrefu. Nadhani hata yeye hakupenda. Lakini watu wengine walikuwa wamesikia, na yeye alikuwa mlinzi.

Walimchukua jioni ile hadi kituo cha walinzi. Walimuuliza Kagwe atakuja lini tena. Hakusema uongo na hakusema neno. Walimtesa kwa njia zao, sitaziandika. Kisha wakaweka watu katika mafunjo, Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

Jumatano saa tisa mchana, nikiwa nimeleta kahawa iliyooshwa kwenye meza, tulisikia risasi. Zilikuwa tatu. Wanawake wote waliacha mikono yao juu ya kahawa.

Kagwe alikufa ukingoni, hatua chache kutoka kwenye mfereji wangu. Musau alikuwa karibu na mahali pale, anasimamia watu waliokata nyasi, na aliniambia kijana alikuja akitembea wazi, hakujificha, na mkononi alikuwa na tawi bichi. Wakati ule serikali ilikuwa imetupa karatasi kutoka kwenye ndege kusema anayetaka kujisalimisha aje na tawi bichi. Macharia na wenzake walisema hapakuwa na tawi. Mimi sikuwepo. Siwezi kusema nisichokiona, na nilichokiona nilikwisha kukisema, na hayo ndiyo yaliyotokea. Musau hakunicheka tena tangu siku ile, wala hakunitania. Alinipa kazi yangu asubuhi na kugeuka.

Nilikwenda kituoni. Niliwaambia kwamba aliyedanganya serikali ni mimi, wanifunge mimi, wamwache mama. Walicheka. Mmoja, akitumia jina walilotuitia sisi watu wa magharibi, akaniambia, "Wewe Mkavirondo umetusaidia sana, kwa nini tukufunge?" Wakanisukuma nje. Nilimwona kwa mbali, wanampeleka kuuona mwili wa mwanawe ili autambue. Hakuniona. Juma lililofuata alipakiwa kwenye lori na kupelekwa gerezani Kamiti.

Simeon alinijia mara nyingi. Alisema nilitii, na matokeo ni ya Mungu. Ni mzee mwema, na alikuwa ananibembeleza, lakini yeye pia hakuomba tena mtu yeyote atoe yote nuruni. Mimi nimejiuliza kila siku kama niliinuka kwa utukufu wa Mungu, au niliinuka ili na mimi nihesabiwe kati ya waliosimama. Dada Ngendo alimtukuza Mungu kwa kupiga magoti chooni, ambako hakuna mtu angetaka kuangalia. Mimi utukufu wangu niliuhitaji mbele ya watu, na uligharimu mtoto wa mwingine.

Alifunguliwa mwezi wa sita mwaka wa 1957. Hakurudi shambani kwetu. Ndugu yake mdogo alimchukua Kalimoni, akampa chumba nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda, na kikohozi hakikumwacha. Nilianza kwenda kumwona Jumapili baada ya ibada, kwa miguu, na sabuni au sukari kidogo mfukoni. Mara ya kwanza nilisimama nje ya ua zaidi ya saa nzima kabla ya kubisha. Alinikaribisha. Aliniuliza habari za meza za kahawa, nani anazigeuza siku hizi, kama mabati ya stoo yamezibwa. Nilimpasulia kuni, nikamchotea maji. Hakumtaja Kagwe hata siku moja, nami sikuthubutu kumtaja. Kila Jumapili nilikwenda na neno moja kinywani, na kila Jumapili nilirudi nalo Ruiru.

Aliendelea kufagia. Akiwa na nguvu, alifagia ua wa ndugu yake, kisha njia, kisha ua wa jirani ambaye hakumpenda, aliyesema waziwazi kwamba hataki mfungwa wa Kamiti karibu na watoto wake. Alifagia mpaka kwenye mlango wa yule jirani na kurudi. Nilipojaribu kumnyang'anya ufagio alinikatalia, akisema nimwachie hata hicho. Lakini hakuimba tena. Sikumsikia akiimba tangu ile Jumapili.

Alizikwa Kalimoni mwezi wa pili mwaka wa 1958. Watu walikuwa wachache. Wengine walisema alikuwa Mau Mau. Mhubiri alisema alikuwa dada mwaminifu, na kwamba habari za mwanawe zilifikia serikali, kana kwamba habari zina miguu na zilikwenda zenyewe. Hakuna aliyesema ni nani aliyezitoa, na mimi nilisimama nyuma na kofia mkononi, nikashindwa tena. Ndiyo sababu nimeandika. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, lakini nimeona ni vibaya mama yule azungumzwe na jina langu lisitajwe. Naitwa Barasa. Ni mimi.

Jumapili ya mwisho kabla ya kifo chake nilimkuta kitandani, amegeukia ukuta. Wifi yake alikuwa ametoka kuchota maji. Nilikaa kwenye kigoda. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana, na niliona kwamba nisiposema siku ile sitasema tena. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya Kagwe. Jina lile lilikuwa halijatajwa kati yetu kwa miaka mitatu.

  Kisha alitoa mkono chini ya blanketi akatafuta wangu, akaushika, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vijiti. Aliposema, hakulia, na hakunikemea.

"Sina neno na wewe, ndugu yangu. Nilikusamehe siku ile ile, kabla wimbo haujaisha. Ila ungenijia mimi kwanza. Ungenijia mimi kwanza, Barasa, ningekuambia amekubali kutoka, tungoje mpaka Jumatano."